Madeni ilikuwa inapotea jioni tu: kisa ya kisanduku nyeupe mu aplikasyo ya depo

Hii kisa ilinipata hapa Goma na kosa ilikuwa yangu mimi mwenyewe, nasema mapema ili mtu asisome mpaka katikati akitafuta mwizi. Mwizi hakuwako. Kulikuwa kile kisanduku cha swali kinatokeaka mu telefone, "unataka kufuta?", na mimi njo nilikivalisha nguo mpya.

Depo yenyewe iko Birere, inauza unga, mafuta, sukari na chumvi kwa jumla. Wateja wengi ni wamama wa kuuza rejareja, wanakamata mzigo asubuhi kwa deni, wanalipa jioni ama kesho yake, mwingine kwa franga, mwingine kwa dola, mwingine nusu hii nusu ile. Zamani deni yote ilikuwa mu kaye, ni kusema daftari. Patroni akaniomba nimtengenezee aplikasyo ya Android, kitu kidogo tu: jina ya mteja, kiasi, tarehe, na mtu akilipa unaweka amelipa. Ukikosea kuandika unafinya ule mstari kwa muda, kisanduku kinatokea, unafuta. Dada wa kontwari (meza ya kuuzia) akawekewa ku Tecno yake kadogo, patroni naye ku telefone yake kubwa ili aone jumla, zote mbili zinasomana zikipata intaneti.

Miezi miwili hakuna neno. Kisha siku moja patroni ananiita (akiwa na furaha ananiita enjenyeri, akikasirika nakuwa "weye mutoto", hii mutaiona mbele) ananiambia: "Enjenyeri, hii kisanduku inafanana na ya kila mutu. Mi nataka ifanane na kibao yangu ya ku njia." Kibao yake ni njano na kijani. Na kusema kweli alikuwa na haki, butoni za kisanduku zilikuwa na ile rangi ya kijani-bluu, #03DAC5 (hivi njo kompyuta inaandika rangi), yenye Android Studio, programu ya kutengenezea aplikasyo, ilikuwa inakupa yenyewe ukifungua projeti mpya, sikuwahi kuigusa. Ile rangi juu ya nyeupe haisomeki vizuri. Kipimo cha tofauti ya mwangaza kati ya herufi na nyuma yake ni kama 1.8 kwa 1, wakati kanuni za WCAG, zile za kimataifa za kufanya kila mtu aweze kusoma ekrani, zinaomba 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kumbe kabla hata niharibu kitu nilikuwa nimeshaanza vibaya.

Sasa, kubadilisha sura ya dialogi (njo kile kisanduku cha swali) ya Android ni kazi inaonekanaka ya dakika kumi na inakula siku mbili. Nilianza na njia ya haraka, natengeneza AlertDialog, jina ya kisanduku mu Android, naiuliza getButton ili inipe butoni, naiwekea rangi njano. Aplikasyo ikaanguka palepale. Sababu ni kwamba butoni hazijazaliwa bado mpaka show, amri ya kuonyesha kisanduku, iitwe, ukiziomba mbele unapewa null, ni kusema hakuna kitu, na ukiwekea null rangi unajua kinachofuata. Nikahamisha ile kodi (maandishi ya programu) nyuma ya show, ikakubali. Lakini nilikuwa na dialogi tisa mu aplikasyo, sitaki kuandika kitu kilekile mara tisa, njo nikaenda ku temi, ile faili inaamua rangi na herufi za aplikasyo yote. Mule kuna sifa moja inaitwa alertDialogTheme, unaielekeza ku staili yako na dialogi zote zinavaa sawa.

Zote, isipokuwa tatu! Hizo tatu zikakataa kabisa, zikabaki na sura ya zamani, na nilipoteza usiku mzima juu yao. Mwisho nikaangalia mistari ya juu kabisa ya faili, pale pa import, penye unataja vipande unakopa. Kuna AlertDialog mbili zenye jina moja: moja iko mu Android yenyewe, android.app, ingine iko mu AndroidX, maktaba ya kuongezea ya Google, androidx.appcompat.app. Ya kwanza inasoma android:alertDialogTheme, ya pili inasoma alertDialogTheme bila kile kipande cha mbele. Kompyuta ilikuwa imenipendekezea ya kwanza mu faili tatu na mi nikafinya Enter bila kusoma. Kama dialogi zako zingine zinavaa staili yako na zingine zinakataa, anzia pale, usihangaike na rangi.

Basi nikamaliza mapambo. Kisanduku kikawa na kona za mviringo, na hapa munisikilize vizuri juu shida yote inatokea hapa: ili kupata zile kona nilichora picha ya nyuma mu faili ndogo ya drawable, nikaiandikia rangi kwa mkono, #FFFFFF, nyeupe. Butoni ya "OK" nikaijaza njano ya kibao, #FFC107, na herufi nyeusi ndani, imesimama kama bendera. Ya pili nikaiacha maandishi tu, bila kujazwa, njano ileile juu ya nyeupe. Na ya pili niliiandika "Annuler", Kifaransa ya kubatilisha, juu watu wote hapa wanaijua ile neno ku telefone. Nikaweka pia setCancelable kuwa false ili mtu asifunge kisanduku kwa kugusa pembeni bila kujibu, niliona ni usalama.

Patroni akapenda sana. Akaonyesha hata jirani wa duka ya simenti.

Wiki tatu nyuma yake simu inalia. "Weye mutoto, kuya hapa sasa hivi." Nafika, dada wa kontwari amekaa ku mfuko ya unga, macho mekundu. Patroni alikuwa amepiga hesabu na madeni saba hayako. Saba. Wamama wenyewe, wengine waaminifu, walikuja kulipa deni yenye aplikasyo haikuijua tena, njo akashtuka, juu kama wale waaminifu deni yao imepotea, wale wengine je? Kwa akili yake jibu ilikuwa moja tu: dada anapokea franga, anafuta mstari, anaweka mu mfuko. "Patroni, mi siyakula hata franga moya," dada anasema, na anatoa kaye. Kumbe hakuwahi kuacha kuandika mu kaye. Aplikasyo iko, kaye iko, kila deni mara mbili. Nilipomuuliza juu ya nini anajichosha hivyo akaniangalia kama mtu ameuliza juu ya nini mvua inanyesha: "Kaka, kaye haina batri."

Yale madeni saba yote yalikuwa mu kaye yake, na tarehe. Mwizi gani anajiandikia ushahidi? Nikamwomba patroni siku mbili, akanipa moja.

Bahati nilikuwa nimeweka jurnali, faili inaandika kila kitendo na saa yake. Nikaifungua usiku ule nyumbani. Mistari saba ya kufuta, zote kutoka telefone ya dada. Sita zilikuwa kati ya saa kumi na mbili kasoro robo na saa moja ya jioni. Giza linaingia hapa kwetu karibu na saa kumi na mbili na robo mwaka mzima, tuko karibu ya ikweta, halichelewi wala haliwahi sana. Kwa hiyo nikafikiri: modi ya usiku! Rangi zinageuka usiku. Nilikuwa tayari kulala na jibu yangu, ila kulikuwa ule mstari wa saba. Saa tano ya asubuhi. Jua kali, na mstari umefutwa.

Nilijaribu ku telefone yangu nyumbani, nikaweka modi ya usiku kwa mkono mu mipangilio: aplikasyo haikugeuka hata kidogo. Ilibaki nyeupe. Hapo nikachanganyikiwa kweli.

Kesho yake nikaenda kukaa depo. Sikufanya kitu, nilikaa tu pembeni ya dada na kumwangalia akifanya kazi, na kama nilikuwa nimefanya hivyo mwanzoni kabla ya kuandika mstari moja wa kodi hii kisa isingekuwako. Kwanza niliona namna anashika telefone: mkono wa kuume uko na mizani, wa kushoto unateremsha orodha na kidole gumba, na kidole kikichelewa kidogo juu ya mstari, aplikasyo inafikiri amefinya kwa muda. Kisanduku kinatokea. Mchana anasoma, anaona si kitu alitaka, anatafuta namna ya kutoka. Mara kumi na moja niliyahesabu mpaka saa kumi. Mara kumi na moja kisanduku cha kufuta kwa mtu hakutaka kufuta kitu! Na kila mara alikuwa anainamisha telefone, anaweka mkono juu kwa kivuli, ili aone ile "Annuler" ya njano. Njano ile juu ya nyeupe inapata kama 1.6 kwa 1. Ni chini kuliko hata ile rangi ya zamani. Mu jua ya Birere haiko kabisa.

Jioni umeme ukakatika, kama kawaida. Telefone ya dada ilikuwa asilimia kumi na kitu, na pale juu nikaona alama ya kuchunga batri imejiwasha. Palepale aplikasyo ikageuka nyeusi.

Nikakumbuka. Siku ya kwanza kabisa ya projeti, nilikopi mstari mahali: MODE_NIGHT_AUTO_BATTERY. Ule mstari hauangalii saa, hauangalii hata mpangilio wa usiku wenye mtu amechagua. Unaangalia kitu kimoja: telefone iko inachunga batri ama hapana. Ikichunga, aplikasyo inavaa nyeusi. Njo maana nyumbani kwangu, telefone imechomekwa, haikugeuka. Na saa tano ya asubuhi? Nikamuuliza dada kama anakumbuka ile siku. Akaangalia tarehe mu kaye, akasema usiku wake kwao Majengo umeme haukuja, alikuja kazini na batri karibu sifuri.

Nikamwomba afinye mstari kwa muda. Kisanduku kikatokea na mimi nikanyamaza tu. Kilikuwa kitupu. Sanduku nyeupe, kona za mviringo nzuri kabisa, ndani hakuna neno, na chini butoni moja ya njano imeandikwa OK. Ukiangalia karibu sana kulikuwa kivuli cha "Annuler" pembeni yake, na mwangaza wa ekrani ulikuwa umepunguzwa.

Kilichotokea ni hiki. Rangi ya maandishi sikuiandika mimi, ilikuwa inatoka ku temi, na temi ikiwa ya usiku inageuza maandishi kuwa meupe ili yasomeke juu ya nyeusi. Vizuri. Lakini nyuma ya kisanduku ilikuwa ile #FFFFFF yangu ya mkono, yenyewe haisikilizi temi, inabaki nyeupe mchana na usiku. Nyeupe juu ya nyeupe. Swali "Unataka kufuta hii deni?" lilikuwa pale pale muda wote, na hakuna jicho lingeliona. Nusu ya rangi ilikuwa ya temi, nusu yangu, na zilikuwa zinaelewana mchana tu.

"Na wewe ukiona hivi unafanya nini?" nikamuuliza. "Nafinya OK, kaka, ili itoke. Naona ni telefone imechoka." Kugusa pembeni haisaidii, butoni ya kurudi nyuma haisaidii, juu mimi na setCancelable yangu tulifunga milango yote. Mlango moja ulibaki wazi na ulikuwa unafuta deni.

Patroni alikuwa amesimama nyuma yetu. Hakusema pole kwa dada palepale, wazee wetu hawako hivyo, lakini alituma mtoto alete sambaza, wale samaki wadogo, na chapati na akampa dada wa kwanza. Mimi sikupewa.

Kurekebisha kulichukua siku mbili, na sehemu ya rangi njo ilikuwa nyepesi kuliko zote. Niliacha AlertDialog za zamani na kuhamia ku MaterialAlertDialogBuilder, yenyewe inakubali kona za mviringo kupitia temi bila kuchora picha ya nyuma, unaweka staili moja mu materialAlertDialogTheme. Nyuma ya kisanduku inakamata colorSurface, maandishi yanakamata colorOnSurface, hizi mbili zimezaliwa pamoja, moja ikigeuka ingine inageuka. Rangi za patroni nikaziweka mara mbili, faili ya values ya mchana na faili ya values-night ya usiku, kila moja na njano na kijani yake. Nikatafuta kila # mu layauti na drawable zote na kuzitoa moja moja, zilikuwa zaidi ya arobaini, aibu. Na ile MODE_NIGHT_AUTO_BATTERY nikaitoa, sasa inafuata mpangilio wa telefone wenyewe ili mtu achague.

Njano je? Nilimweleza patroni kwamba njano ni ya kujaza, si ya kuandikia. Herufi nyeusi ndani ya njano zinasomeka hata mu jua, herufi za njano juu ya nyeupe hazisomeki popote. Kwa maandishi tukakamata kijani ya kibao iliyokolea, #1B5E20, hiyo juu ya nyeupe inapita 7 kwa 1. Kwa kufuta nikaweka nyekundu nzito, #B71C1C, kama 6.5. Hizo ni za mchana, za usiku zimepaushwa, juu kijani ile nzito juu ya nyeusi nayo inapotea. Na njano iliyojazwa ikahama, haiko tena ku butoni ya kufuta. Iko ku butoni ya kubaki.

Maneno yalinichukua muda mrefu kuliko rangi. Fikiria swali "Annuler hii deni?" na chini "Annuler" na "OK". Annuler gani? Ya kutupa deni, ama ya kuacha kutupa? Nilikuwa na dialogi mbili za namna hiyo na sikuwahi kuona, juu mi najua kodi, najua nyuma ya kila butoni kuna nini. Dada hajui kodi. Tulikaa naye tukajaribu maneno kwa sauti. "Ghairi" akacheka, akasema hiyo ni Kiswahili ya redio. "Sitisha" akadhani inasimamisha aplikasyo. Mwisho yeye mwenyewe akasema: "Andika tu Futa deni, na ingine Acha ibaki." Njo hizo. Na swali lenyewe halisemi tena "hii deni", kichwa cha kisanduku kinataja jina ya mteja na kiasi, franga ama dola, ili mtu aone anataka kutupa nini. Maneno yakiwa marefu na mtu ameongeza ukubwa wa herufi, kama patroni mwenye amezikuza mpaka mwisho, butoni zinapandana moja juu ya ingine, sikupigana na hiyo, ni sawa.

Kufinya kwa muda nikakutoa kabisa. Kufuta sasa kuko ndani, unafungua deni kwanza, unaona butoni. Kugusa pembeni kunafunga kisanduku na hakuna kinachopotea. Na mstari uliofutwa haufutiki tena kweli, unawekewa alama tu, unatoka mu orodha, na chini ya ekrani panatokea kamstari kenye neno "Rudisha" kwa sekunde chache. Ukikakosa, patroni anaweza kuurudisha kwa siku 30. Kama hii ingekuwako toka mwanzo, kisanduku kingeweza kuwa kibaya namna gani na dada asingelia ku mfuko ya unga. Saa ingine nafikiri hata kisanduku chenyewe hakihitajiki tena, kurudisha kunatosha, lakini patroni anakitaka, anasema bila swali mtu hana hofu.

Kupima pia nikabadilisha. Zamani nilikuwa napima mezani, telefone yangu, umeme upo. Sasa kila dialogi naiangalia mchana na usiku, na kuchunga batri kumewashwa, na herufi zimekuzwa, kisha natoka nje na telefone mu jua. Hiyo ya mwisho haina kompyuta yenye itakufanyia.

Kisha ikaja ya iPhone. Mpwa wa patroni alirudi na iPhone na patroni akataka aplikasyo iingie mule pia, na kisanduku kiwe na njano ileile, kona zilezile. Nikamwambia hapa haiko kama Android. Kisanduku cha iPhone kinatoka ku UIAlertController, ilikuja na iOS 8 mwaka 2014, na Apple wenyewe wameandika kwamba itumiwe vile iko, ya ndani yake isiguswe. Kuna watu wanaingiza rangi kwa mlango wa nyuma, kwa majina ya siri ya ndani, inafanya kazi leo na sasisho moja likija inavunjika, sitaki kuitwa tena mutoto. Unachopewa ni kidogo: unaweza kugeuza rangi ya butoni kwa tintColor, unaweza kuchagua butoni gani iwe nzito, na ukisema kitendo ni cha kuharibu inaandikwa nyekundu yenyewe. Usiku na mchana inajipanga bila wewe. Ukitaka zaidi ya hapo unajenga ekrani yako kutoka sifuri, na hapo swali la batri na jua na temi linarudi lote mabegani mwako.

Patroni hakufurahi. Alimpa mpwa wake ile telefone aniletee "aone mwenyewe kama haiwezekani". Tukakubaliana: ya iPhone inatoka na kisanduku cha Apple, Futa deni nyekundu, Acha ibaki nzito na kijani. Njano iko ku kichwa cha ekrani ya mbele tu, na kila nikipita Birere bado ananiuliza ile ya ku kisanduku itakuja lini.